Jina la Baba kwenye Cheti cha Tekla

Usiniulize mimi habari za viza. Au niulize tu, maana nazijua zote, mpaka za nchi ambazo sitazitia mguu. Mimi ndiye Agnella wa steshenari ya Viwanja Sitini, ile ya bango la bluu mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Picha za pasipoti, kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza fomu. Nimewajazia watu fomu za chuo, za vitambulisho, za uhamisho wa walimu, na sijawahi kurudishiwa hata moja. Hata moja, jamani! Iliyorudi ni ya kwangu mwenyewe.

Nilitaka mume wangu aje akae na mimi. Basi, hicho tu. Wenzangu wanaomba magorofa, mimi niliomba mwanamume niliyefunga naye ndoa kanisani alale kwangu bila kuhesabu siku kwenye muhuri.

Anaitwa Chanda, Mzambia wa Mpika, fundi wa injini za treni. Alikuja Ifakara kwa mkataba wa miaka miwili pale stesheni ya Tazara. Siku moja akaingia dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Kesho yake akaja kutoa kopi ya kitambulisho kilekile. Keshokutwa tena. Siku ya nne nikamwambia, "Kaka, hicho kitambulisho kimechoka. Sema unachotaka." Alicheka mpaka akaegemea printa. Kiswahili chake kilikuwa cha relini, kimepinda hapa na pale, lakini nilimwelewa vizuri kuliko wengi wa hapahapa.

Mkataba ulikwisha nikiwa na mimba ya miezi mitano. Akaondoka, akaapa atarudi. Mtaani walinicheka, eti nimeachiwa mzigo na treni. Mama yangu, Yosefina, hakucheka wala hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwa mama ni afadhali angenipiga.

Nilijifungua kwa upasuaji, nikalala siku mbili sijijui. Nesi alipokuja kuandika tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa, alimkuta mama kitandani kwangu. Akauliza jina la mtoto, mama akasema Tekla. Akauliza jina la baba. Mama akasema, "Remigius Amedeus."

Remigius ni kaka yangu. Tumezaliwa wawili tu, yeye na mimi.

Nilipozinduka nikaambiwa, nikataka kulia. Remi mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye benchi anamenya chungwa. "Acha hizo, Agnella," akanambia. "Mama hataki mjukuu wake aandikwe baba hajulikani, na mimi nimekubali. Kwani mjomba si baba? Akirudi mwenyewe, tutambadilishia." Akanipa nusu ya chungwa. Kwetu hili si jambo la kushangaza watu. Ingia darasa lolote, utakuta watoto watatu au wanne wamebeba majina ya mababu na wajomba zao, maana shule inataka cheti, na cheti kinataka baba. Ikishaandikwa, hakuna anayeuliza tena.

Chanda alirudi. Ndiyo, alirudi, waliocheka wakameza mate! Tekla alikuwa na mwaka na miezi miwili. Akaleta mahari, tukatangazwa kanisani Jumapili tatu, tukafunga ndoa, na Remi ndiye aliyebeba kreti za soda siku nzima mpaka shati likamchanikia mgongoni. Lakini habari ya cheti sikumwambia mume wangu. Niliona aibu. Nilisema moyoni, nitakirekebisha kabla hajakiona, na miaka ikapita nasema hivyohivyo.

Basi tukaanza kutafuta njia ya yeye kukaa. Njia zilikuwa tatu, na mimi nilizisoma zote kama anayejiandaa na mtihani. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kuingia. Mzambia haombi viza, anagongewa muhuri wa siku tisini, zikiisha anaondoka. Tuliishi hivyo miaka minne, anakuja, anaondoka. Tekla alijua kuhesabu mpaka tisini kabla hajajua a-e-i-o-u. Ya pili, kibali cha kazi, lakini lazima mwajiri amwombee, na gereji gani ya hapa itahangaikia kibali cha mgeni wakati mafundi wamejaa barabarani? Ya tatu ndiyo ilikuwa yetu: mke Mtanzania anamwombea mumewe hati ya mtegemezi. Nilisita kumwambia, mwanamume mzima aitwe mtegemezi. Chanda akacheka kwenye simu. "Mama Tekla, niandike hata mzigo, mradi nishuke stesheni yako."

Kabla sijaijaza hiyo fomu, mto Lumemo ukafurika.

Maji yaliingia mtaani kwetu Lipangalala asubuhi, watu wakiwa wanapika chai. Remi alishamtoa mama, alishanitoa mimi na Tekla, tukawa tumesimama barabarani juu na magodoro yetu. Jirani yetu Sada, fundi cherehani, akaanza kulia kwamba cherehani yake imebaki ndani. Remi akamwambia, "Usilie, dada, naifuata." Nilimshika shati. Akaniondoa mkono hivi, polepole. Cherehani walikuja kuikuta juu ya dari, kavu kabisa, alikuwa ameiwahi. Yeye tulimpata siku ya pili kule chini kwenye majaruba ya mpunga. Sada anashona mpaka leo, na kila nikisikia ile cherehani roho inaniuma, ingawa najua hana kosa.

Kaka yangu alikuwa na miaka thelathini na nne. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto.

Wasifu wa marehemu niliuchapa mimi. Ndiyo kazi yangu, nimewachapia wafu wengi wa mji huu. Alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua vipi, ameacha nani. Nilipofika hapo kwenye ameacha nani, mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kanga ya msiba. Akasema, "Andika ameacha mtoto mmoja, Tekla."

"Mama..."

"Cheti kinasema nini?"

Nikaandika. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Makaburini msomaji akasoma kwa sauti, ameacha mtoto mmoja, na watu wote wakasikia. Ukafika wakati wa kuweka udongo, mwongozaji akasema mtoto wa marehemu atangulie. Tekla akachukua udongo kwa viganja viwili akautupa mjomba wake alikolazwa. Mama akamwangalia, na ndipo nikaona amepata pa kushika. Tangu siku hiyo hakumwita Tekla kwa jina. Alimwita "wa Remi." Wa Remi njoo ule. Wa Remi umeoga? Chanda mwenyewe alipokuja kuhani msiba alidhani ni mapenzi ya bibi tu.

Sasa njoo kwenye ujinga wangu. Miezi mitano baadaye nikajaza fomu ya Chanda. Cheti cha ndoa kipo, kitambulisho changu kipo, barua ya mtendaji wa mtaa ipo. Kulikuwa na sehemu ya watoto. Haikuwa lazima! Ningeiacha wazi, pengine leo nisingekuwa nasimulia haya. Mimi nikajiona mjanja, nikasema mtoto ndiye ushahidi mkubwa kuliko yote kwamba ndoa hii si ya kuchonga. Nikaandika Tekla. Nikatoa kopi ya cheti, nikaiambatanisha kwa mkono wangu huu huu. Jina la Remi pale nilikuwa nimelizoea hata silioni.

Afisa aliyeniita alikuwa kijana mpole. Aliweka karatasi mbili mezani, akauliza, "Dada, Remigius Amedeus ni nani?"

"Kaka yangu."

"Na wewe ni Agnella Amedeus."

"Ndiyo."

Akaangalia chini kama anayeona haya kwa niaba yangu. "Kwa hiyo mtoto umezaa na kaka yako?"

Loo! Nilisimama nikataka kumrushia kiti. Nikamweleza yote, upasuaji, nesi, mama, mimba, treni. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nakuelewa, dada. Hata kwetu wanafanya hivyo. Lakini faili halielewi. Humu umesema baba ni mumeo, na cheti kinasema ni mwingine. Kalete cheti chenye baba halisi."

"Basi kichomoe tu. Tufanye sikukileta."

"Nikichomoa mimi, kesho ndiye nitakayeulizwa. Nenda ofisi ya vizazi na vifo, wanarekebisha. Ila aliyetoa taarifa hospitali ndiye atakayeapa."

Aliyetoa taarifa. Mama yangu.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwambia kwa upole wote nilio nao, ambao si mwingi. Hata hakunyanyua macho. "Kamwambie huyo bwana kwamba Remi ana mtoto. Mji mzima ulisikia."

"Mama, mtoto ni wa Chanda. Chanda yupo hai."

"Hai huyo atazaa wengine," akasema. "Wangu atazaa tena lini?"

Mwaka mzima, nakwambia. Mwaka mzima! Nilimbembeleza, nilinuna, nilimtuma padre, nilipiga kelele siku moja mpaka majirani wakachungulia. Nilimwambia neno baya, nilimwambia, "Mwanao amekufa, unataka na ndoa yangu tuizike?" Aliamka akaenda kumwosha Tekla miguu. Na Chanda kila akipiga simu ananiuliza imefikia wapi, nami nampiga kalenda: mwezi ujao, mtandao uko chini, afisa yuko likizo, cheti kina kosa dogo. Kosa dogo! Alikuja tena siku zake tisini, zikaisha. Siku ya kuondoka viatu vyake havikuonekana. Tulitafuta nyumba nzima, treni inakaribia, mwisho akaondoka na ndala, anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Wiki tatu baadaye mama akaja dukani. Hajawahi kuja dukani kwangu saa za kazi. Alikuwa na viatu vya Chanda mkononi, vimejaa chenga za mchele.

"Vilikuwa kwenye pipa," akasema. "Chini kabisa. Nimechota mpaka nikagusa ngozi." Wateja wawili walikuwa wanasubiri kopi, hakuwajali. "Nimemuuliza mtoto. Kasema alificha ili baba yake asiondoke."

Nikaweka chini karatasi za wateja.

"Kasema baba yake, Agnella. Hakusema mwingine." Akaviweka viatu juu ya kaunta. "Andika hiyo karatasi."

Kiapo nikakichapa siku hiyohiyo kwenye kompyuta ileile, na nilipokwenda kukihifadhi nikaona kimekaa chini ya wasifu wa Remi. Mwanzoni mama alitaka tuandike tu kwamba baba wa Tekla ni Chanda. Ofisi wakakataa. Wakasema lazima kieleze pia kwa nini jina la marehemu liliandikwa, na kwamba marehemu si mzazi. Nikaongeza mstari: kwamba marehemu Remigius Amedeus hakuwahi kupata mtoto.

Mahakamani hakimu alikuwa mama wa makamo. Mama yangu akamsalimia, akashika Biblia, akasomewa. Ulipofika ule mstari akasema, "Rudia." Hakimu akarudia. "Rudia tena, mwanangu, masikio yangu." Masikio yake hayana ubovu wowote. Hakimu aliweka karatasi chini, akamuuliza kwa maneno yake mwenyewe, "Mama, marehemu mwanao aliacha mtoto?"

Mama akanitazama. Ningeweza kusema tuache, twende nyumbani. Nilikuwa na nafasi hiyo, na sikuitumia, nilikuwa nataka mume wangu.

"Hakuacha," akasema.

Akaweka dole gumba. Tulipofika nyumbani alimwita mtoto kutoka barazani, "Tekla." Mtoto hakugeuka mara moja, alikuwa hajazoea.

Ile fomu ya marekebisho ilitaka sahihi ya Chanda. Sikuwa na njia tena. Nikaituma Mpika kwa mkono wa mfanyakazi mwenzake wa treni. Ina sehemu mbili, jina la zamani na jina jipya, kila mtu anayejua kusoma anaona. Ilirudi baada ya wiki mbili imesainiwa vizuri, bila kikaratasi, bila salamu. Nilifurahia sahihi. Simu zake zikawa za wiki kwa wiki, nikasema kazi nyingi. Miezi sita mizima nikasema kazi nyingi.

Mama huku anaandaa nyumba. Chumba cha Remi kilikuwa kimefungwa tangu msiba. Akakifungua, akatoa buti zake, redio yake, jezi yake, akavifunga kwenye shuka akaviweka chini ya kitanda chake mwenyewe. Akapiga chokaa ukutani kwa mikono yake. "Nimempa mtoto," akasema, "basi apate na pa kulala." Viatu vya Chanda akavipanga mlangoni, vimepakwa dawa.

Cheti kipya kikatoka. Tekla Chanda. Nilikipiga picha palepale kwenye ngazi za ofisi, nikamtumia mume wangu. Nikaandika, "Sasa njoo."

Alijibu baada ya siku mbili, ujumbe wa sauti. Niliusikiliza dukani, nimejifungia.

"Mama Tekla, shikamoo kwa mama. Cheti nimekiona, ni kizuri. Lakini miaka yote hiyo mtoto wangu aliandikwa mtu mwingine, na wewe ulikuwa unajua. Ulinambia mtandao. Remi nilimpenda, si yeye. Ni wewe ungenambia tu, ningekaa ningengoja, naapa ningengoja. Mimi nilidhani hunitaki, unaona aibu kuniambia. Hapa Mpika kuna mtu. Ana mimba ya miezi sita. Huyu nitamwandika siku hiyohiyo atakayozaliwa. Nisamehe, siwezi kuja."

Niliusikiliza mara nne. Nilitukana, nililia, nilitaka kumpigia nimmalizie matusi yote ninayoyajua ya Kiswahili na Kipogoro. Mwisho nikashindwa, kwa sababu kila nilipotafuta pa kumshika niliona mkono wangu mwenyewe. Ningemwambia ukweli siku ile ya kwanza, angekasirika jioni moja, tukala, tukalala. Nilijaza fomu za dunia nzima, mume wangu nikamjazia uongo.

Mama sikumwambia. Kila siku ya treni anauliza, "Mkwe anafika leo?" Namjibu bado, kibali kinasainiwa. Wiki tatu nikampiga kalenda mama yangu kama nilivyompiga mume wangu. Ijumaa moja nikamkuta amefunga jogoo mguu, eti treni ya leo huenda ikamleta. Nikashindwa. Nikamfungua jogoo, nikamwambia mama.

Hakupiga yowe. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani. "Haji kabisa?"

"Haji, mama."

"Basi nenda wakakirudishe cheti kile. Waambie mimi ni mzee, nilikosea."

"Uliapa, mama. Hawarudishi. Na Tekla ni wa Chanda, hata asipokuja."

"Niliwaambia hakuacha," akasema. "Mbele ya watu nimesema hakuacha. Kwa ajili ya nani sasa, Agnella?"

Tekla akatoka shule na begi lake. Akaamkia, akakaa kwenye mkeka, akatoa madaftari yote, yalikuwa manane, na rula. "Mama, mwalimu kasema cheti kipya kimefika, nibadilishe jina kwenye madaftari yote. Nibadilishe?"

Nikamwambia badilisha. Ningemwambia nini?

Alifanya kwa unadhifu kama walivyofundishwa. Anaweka rula juu ya Remigius, anapiga mstari mmoja, juu yake anaandika Chanda. La Hisabati. La Kiswahili. La Sayansi. Mama anatazama, midomo imemkauka. Lilipofika la tano akanyoosha mkono.

"Hilo liache."

"Bibi, mwalimu kasema yote."

"Huna lililojaa?"

Tekla akafikiri, akapekua begi, akatoa daftari la mhula uliopita, limejaa, jalada limepinda pembe. "Hili limekwisha, bibi. Halina kazi."

"Nipe mimi."

Akampa. Mama yangu hajui kusoma. Aliligeuza mbele na nyuma, akalishika kwa mikono miwili, akamuuliza mjukuu wake, "Liko wapi?"

Tekla akamshika kidole, akakiweka juu ya jina.